Muhogo Uliochimbwa Kabla ya Maji

Mtumbwi wa injini ulikuwa umeshaondoka, pua imeelekea Kisangani, na Osée bado anaufuata kwa miguu, maji kiunoni, akibishana na Élise, binti wa dada yake, aliyekaa ndani.

"Tukichimba yote leo, mwezi ijayo tutakula nini? Makaratasi yako?"

"Tonton, mukiacha itaoza! Udongo ikijaa mayi, mizizi inakosa hewa. Nilipiga hesabu na ordinateur."

"Ordinateur yako ilishalima wapi?"

Abiria wakacheka. Élise hakucheka. Ndiyo kazi yake mjini: anaingiza kina cha mto, aina ya udongo na umri wa zao kwenye kompyuta, imwambie mmea utavumilia maji mpaka lini. Kwa muhogo wa mjomba wake jibu lilikuwa baya, haufiki wiki.

"Chimba, tonton, nakuomba!"

"Bon, nimesikia, mama." Humwita hivyo kwa sababu Élise alipewa jina la mama yake Osée.

Akachimba, mkewe Chantal akabeba. Mto ukapanda shambani vilevile kama hesabu ilivyosema. Majirani waliosubiri waling'oa uozo mtupu.

"Mutoto yangu iko na akili!" Osée akatamba. "Na nyie mulicheka!"

Lakini muhogo ule ni mchungu. Hulowekwa siku nne sumu itoke, ndipo utwangwe unga wa fufu. Mashimo ya kulowekea yalikuwa kando ya kijito, na kijito kimemezwa na mto. Hilo Élise hakuliingiza. Hesabu yake iliishia mzizi unapotoka ardhini. Chantal alibaki na pipa moja na rundo linalogusa paa, wa chini unaanza kunuka. Akawa analoweka usiku mmoja tu, anatwanga, analoweka mwingine. Mto ulikuwa mkali, samaki hakuna. Wakala fufu hiyo tupu majuma mengi, wakamgawia na Fanny, jirani.

Asubuhi moja Chantal alitaka kuinuka mkekani, miguu ikakataa.

Élise alikuja, akamkuta ameegemea ukuta.

"Si tulifanya vile ulisema?" Chantal akamuuliza.

"Ndiyo, tantine."

"Alors, iko nini?"

Élise akauliza muhogo ulilowekwa wapi. Alipoonyeshwa lile pipa na kuambiwa ni usiku mmoja tu, akajua sumu haikutoka.

Chantal hakutembea tena. Fanny anatembea kwa fimbo, kwa ncha za vidole. Élise bado anapiga hesabu ofisini. Shamba la Osée limehesabiwa humo miongoni mwa yaliyookolewa. Osée aliacha kulima. Anabeba mizigo bandarini Kisangani, na yeye na Élise hawasemeshani.