Mashine Iliyotoka Jasho

Mama Kulusum hakuwa mtu wa kubembelezwa, wala hakuwa mtu wa kubembeleza. Mbarara nzima, kuanzia sokoni hadi msikitini, ilimjua hivyo. Kwa hiyo watu walipomkuta katikati ya ukumbi wake wa michezo ya video, mkono mmoja juu ya kompyuta, akiiambia "tafadhali mama, usizime, tafadhali," walijua mambo yamemfika shingoni.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya maduka ya vitambaa. Kompyuta sita zilikuwa za kawaida tu. Ya saba ndiyo iliyoleta watu: dubwana la kioo na chuma ambalo marehemu mumewe aliliunda mwenyewe, kipande kwa kipande, likapozwa kwa maji yaliyozunguka ndani ya mirija ya bluu. Mpira uliochezwa humo ulionekana wa kweli mpaka mtu akainua mguu apige. Lakini marehemu alipoondoka aliondoka na ujuzi wake. Ramadhani ile ya mwaka 2014, vijana wakilibana dubwana kwa saa moja tu, lilipiga yowe na kuzima kwa joto.

Shemeji yake Sulaiman, aliyerithi nusu ya jengo, alisema chumba kile kingefaa zaidi kuweka saruji. Hakuzunguka. Alimwambia kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe kuangalia fainali ya mashindano ya Ramadhani kwenye dubwana lile. Mechi ikichezwa ikaisha kabla ya Isha, hatautaja tena ukumbi. Ikishindikana, Idi ikipita mifuko inaingia.

Mafundi wa mjini walikuja. Wa kwanza aliongeza feni, wa pili akaongeza feni kubwa zaidi, wa tatu akashauri anunue kompyuta nyingine, akaomba na soda. Mwishoni jirani yake Hafswah, mwenye saluni, akamtajia mwanamke mmoja wa Nakivale aliyeifufua draya yake ya nywele: Chantal, mama yake Gradi, Mkongo wa Kivu Kusini, anayetengeneza redio na simu kambini. Kulusum alikunja uso. Mafundi wa mjini wameshindwa, ataweza vipi mkimbizi wa redio? Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akampigia.

Chantal alifika Jumatano, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye begi la shule la mtoto. Humo alitoa kigae cheupe, ukubwa wa biskuti, chenye nyaya mbili. Alikuwa amekichomoa kwenye mashine ya maji ya kunywa iliyotupwa na ofisi moja kambini. Akakiunga kwenye betri, akamwambia Kulusum aweke kidole. Kulusum akaweka, akakitoa upesi: barafu! Chantal akageuza upande wa pili, nao ulikuwa moto wa kuunguza. Alieleza kwamba umeme ukipita, kigae kinanyang'anya joto uso mmoja na kulitupia uso wa pili. Uso wa baridi utakaa juu ya moyo wa kompyuta. Ule wa moto utapozwa na maji ya marehemu, na maji yatalibeba joto hadi kwenye redieta ndogo ya gari dirishani.

Kulusum alikaa kitako kumlinda asiibe kitu. Ndivyo alivyojiambia. Kwa kweli, baada ya nusu saa alikuwa anaangalia ile mikono tu. Chantal alisugua kibamba cha shaba kwa msasa juu ya kioo mpaka ungeweza kuhesabu meno yako ndani yake. Alipaka ute wa kupitisha joto kwa wembamba, kama mtu anayejua bei ya mafuta anavyopaka chapati. Hakuharakisha hata skrubu moja. Sehemu za baridi alizizungushia sponji ya godoro, kama alivyofanya alipokijaribu kigae kwake Nakivale wiki tatu mfululizo. Alhamisi jioni wakawasha. Namba ya joto iliyozoea kugonga tisini ikasimama kwenye thelathini na mbili, vijana wakicheza wanavyotaka. Kulusum aliitazama, akaifuta skrini kwa kiganja, akaitazama tena.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Faruku, fundi pikipiki, alicheza na mwalimu mmoja kutoka Masha. Sulaiman alikaa kiti cha mbele, simu mkononi. Nusu ya kwanza ikaisha bao moja kwa bao moja, na adhana ya Magharibi ikaingia. Wachezaji wakaweka vidhibiti chini.

Sasa, kwa Kulusum kuna desturi. Mtu akikutwa na Magharibi humo, afungaye na asiyefunga, Mwislamu na Mkristo, anafuturu humo humo. Masufuria mawili makubwa, uji na chai ya maziwa, yalikuwa yakichemka kwenye sigiri pembeni tangu alasiri, mlango umefungwa vumbi lisiingie kwenye chakula. Chantal naye alipewa tende na kikombe. Waume kwa wake wakasali kwa zamu, wakarudi, wakanywa, wakacheka.

Ghafla Chantal akainama kwenye mashine, akaangusha kikombe, akang'oa waya wa umeme ukutani. Kioo kikawa cheusi. Sulaiman akatikisa kichwa taratibu, akaanza kutafuta namba ya mtu wa saruji.

Jamani, Kulusum alimtukana! Alimtukana kwa Kinyankole na kwa Kiswahili, akamwita mharibifu, akamwita mkimbizi asiye na shukrani, maneno ambayo kama funga isingekuwa imeshafunguliwa ingeharibika palepale. Chantal alifungua ubavu wa mashine, akawasha tochi, akaiminya ile sponji kwa kidole gumba. Maji yakatiririka.

"Mama, angalia," alisema. "Sponji imekunywa maji, imeshiba. Ningengoja dakika mbili, maji ingeanguka kwa kadi ya picha, na mashine ingekufa kabisa."

Akaeleza kwa upole. Wachezaji wakipumzika, moyo wa mashine hauna kazi, lakini kigae hakijui kupumzika, kinazidi kupoza tu. Na mvuke popote ulipo hukimbilia penye baridi. Kulusum akatazama madirisha, yanalia. Akatazama kifuniko cha sufuria yake, kinadondoka matone. Miaka arobaini anafunua vifuniko, angekosaje kuelewa? Ulikuwa uji wake.

"Kosa ni yangu," Chantal akasema kabla yake. "Kwetu kambini mwezi wa saba ni vumbi tu, hewa iko kavu. Sikuwaza mvuke. Nipate kitu yenye haikunywe maji, nitamaliza."

Kulusum aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Mtu ametukanwa mbele ya watu hamsini, bado anajibebesha lawama! Akayanyanyua masufuria mwenyewe, moja baada ya jingine, akayatoa nje na sigiri yake. Hafswah alishakimbia kuleta draya, ile ile aliyotengenezewa, wakaanza kukausha kadi. Watu wakaleta kitambaa, wakaleta karatasi, mmoja akaleta soksi. Vyote vinakunywa.

Kulusum akiwa mlangoni aliangalia viatu vilivyovuliwa. Palikuwa na ngozi, turubai, na kandambili zake za udhu, nene, za bluu. Miaka minne anazimwagia maji mara tano kwa siku, na akizikung'uta tu zimekauka. Alizichukua, akachukua kisu cha mkate.

"Hizi hazijawahi kunywa hata tone," alisema. "Nichoree nikate wapi."

Chantal akachora, Kulusum akakata. Vipande vikakaa kuzunguka kigae, nyufa zikazibwa kwa Vaselini, na swichi ikaongezwa ya kuzima baridi wachezaji wakipumzika. Wakawasha. Dubwana likaamka, namba ikasimama kwenye thelathini na moja. Hakuna tone. Faruku alifungwa mabao mawili na akalalamika sana, lakini mechi ilichezwa ikaisha, na Isha ilikuwa bado.

Sulaiman akarudisha simu mfukoni, akauliza kama uji umebaki. Kulusum akamwambia upo nje, akajipakulie. Kisha akageuka, watu wote wakisikia.

"Fundi, nimekutukana mbele ya hawa, na mbele ya hawa nakuomba radhi. Kweli, mgeni njoo mwenyeji apone. Meza ile ya dirishani, ya marehemu, uje uikalie."

Chantal alifuta mikono kwa kanga yake, akaitikia kwa kichwa.

Adhana ya Isha ikaita. Kulusum akatoka peku, akivuka changarawe kwa kujikunja, kichwa juu. Kwenye mlango wa wanawake msikitini mtu akamuuliza kandambili zake ziko wapi, zimeibwa?

"Ziko kazini," akajibu, akaingia kusali.