Nguzo Bila Waya

"Shika vizuri. Na usitetemeke, mama. Fensi haitetemeki."

Kiptanui, msimamizi wa vibarua, alisema hivyo, akaingia kwenye gari lake la kazi na kuacha vumbi jekundu limalizie maelezo. Chepkurui akabaki ameshika pembe ya neti ya kijani, ile ya kufunikia miche ya chai kitaluni, na mikono yake ikaendelea kutetemeka bila ruhusa. Pembe ya pili ilikuwa kwa Gathoni, kibarua mwenzake. Kushoto kwao na kulia kwao, hadi kule chini mtoni, zilisimama nguzo za saruji zilizopakwa rangi nyeupe, safi kama meno ya mgombea kwenye bango. Nguzo tu. Waya haukuwepo.

Na fensi hiyo ilikwisha kufunguliwa rasmi! Utepe ulikatwa, soda zikanywewa, mchungaji akaiombea maisha marefu. Upande wa lango, wanakopita wageni, waya upo na unang'aa. Huku nyuma, upande wa Boito penye majani chai, waya ulipotelea njiani kabla ya kufika, na hakuna kibarua aliyethubutu kuuliza ulishukia kwa nani.

Leo wakaguzi walikuwa wamekuja kuamua kama uwanja wa ndege unafaa kuitwa wa kimataifa. Wangezunguka kwa gari, waone kijani kwa mbali, waandike. Halafu ndege ya majaribio ingetua ikiwa na wakubwa ndani.

"Nikishikwa na kikohozi je?" Gathoni alinong'ona. "Fensi inaruhusiwa kukohoa?"

Chepkurui hakucheka. Alikuwa anawaza kamba.

Jana askari walipita na kipaza sauti: ng'ombe wote wafungwe. Atakayeonekana uwanjani atapigwa risasi, na mwenyewe atalala ndani. Chepkurui alimfunga Chepsamo, ng'ombe wake wa pekee, wa mabaka ya kijivu, fundo juu ya fundo. Lakini kamba ilikuwa kuukuu, na Chepsamo alikuwa na hamu ya chumvi iliyomkosesha usingizi. Pale njia ya ndege inapoishia ndipo penye ng'enda, udongo wa chumvi ambao ng'ombe wa kilima kizima walipelekwa kuulamba tangu enzi za mababu. Kwenye baraza watu waliambiwa ng'enda itahamishwa. Itahamishiwa wapi? Chifu akasema atafuatilia. Ng'ombe wenyewe hawakualikwa kwenye baraza.

Gari la wakaguzi likapita mbali, dogo kama siafu. Halikusimama. Hata dirisha halikushushwa.

"Wameamini," Gathoni akapumua. "Tumekuwa fensi, Chepkurui. Nikifa mniandikie hivyo kaburini."

Hapo Chepkurui akahisi pumzi ya moto shingoni, kisha akasikia kipande cha kamba kikiburuzwa kwenye nyasi. Chepsamo alimpita kando, kwa adabu, kama mtu aliyechelewa kanisani, akainamisha pembe chini ya neti na kuingia.

"Usimwangalie." Mzaha ulikuwa umemtoka Gathoni wote. "Ukiangalia, nao wataangalia."

"Ni wangu."

"Mimi simjui. Na wewe humjui."

"Watampiga risasi!"

"Wampige! Ukiacha neti tutapigwa kalamu sote, na mimi Jecinta wangu yuko shule."

Mngurumo ukasikika juu ya majani chai. Chepkurui akaita kwa sauti ya chini, ile ya kukamulia: "Chepsamo, Chepsamo we." Sikio moja likageuka. Ulimi haukugeuka, ulikuwa umeshafika kwenye udongo. Akipiga kelele, Kiptanui atasikia. Akinyamaza, ile ndege ina watu ndani.

Akaachilia neti.

Alikimbia, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Ndege ilikuwa imeshateremsha magurudumu, inakuja imemkazia macho yake ya taa, na yeye amemshika Chepsamo pembe, anavuta, analia, anamtukana kwa Kipsigis, matusi ambayo mke wa mzee wa kanisa hakupaswa kuyajua. Ng'ombe akasogea kidogo. Akasogea tena. Mngurumo ukapita juu yao, ukambwaga Chepkurui chini kifudifudi, halafu ndege ikainua pua na kupaa tena kuelekea Mulot.

Alipoinua uso aliona buti. Za polisi, na karibu nazo viatu vya Kiptanui.

"Mama, umeingiaje hapa?" aliuliza Afande Bosire.

"Nimepita pale tu."

"Pale wapi?" Kiptanui akadakia. "Pale pana fensi."

Chepkurui akatazama. Nguzo, na upepo kati ya nguzo. "Kiptanui, wewe si ndiye uliyetuweka..."

"Niite mkubwa." Kijana huyu alikunywa maziwa ya mama yake Chepsamo mpaka akaota ndevu.

Afande naye alitazama, muda mrefu kuliko alivyopenda Kiptanui. "Sasa mkubwa, waya uko wapi?"

"Muulize huyu. Amekata, ameiba."

"Wote? Alibeba na nini?"

Kiptanui akafikiri. Macho yake yakazunguka uwanja mzima, yakatua. "Na huyo ng'ombe."

Afande Bosire hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Chepkurui kuliko ile ndege. Mtu angecheka, mambo yangeisha. Badala yake afande alimgeukia Gathoni, aliyekuwa bado ameshika pembe yake, nusu ya neti imelala chini.

"Wewe umeona nini hapa?"

Gathoni akamtazama Chepkurui. Midomo yake ilicheza, kama anatafuta mzaha.

"Naona fensi, afande," akasema.

Afande akamfunga Chepkurui pingu. Kiptanui alikwenda garini, akarudi na koleo la kukatia waya. Kibandiko cha duka kilikuwa bado kwenye mpini. Akamwekea Chepkurui kiganjani, juu tu ya pingu, akamfunga vidole kimoja kimoja kama anayemfundisha mtoto kushika kalamu. Wakamsimamisha kati ya nguzo mbili, Chepsamo kando yake kama kielelezo, na afande akatoa simu kupiga picha.

"Mama, sogea kushoto," Kiptanui akasema. "Unaziba fensi."

Chepkurui akasogea. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye koleo, na Chepsamo, ambaye hakuwa ameshiba chumvi, akanyoosha shingo na kuanza kumlamba mkono.