Ubavu wa Muhugu

Nyumba yetu ya mtaa wa Mowlem, Nairobi, ndiyo nyumba pekee ya fundi wa mbao niijuayo ambamo wageni hukalia viti vya plastiki. Baba mkwe wangu, Mzee Ndolo, alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii, lakini kigoda hakuwahi kuchonga, wala kitanda, wala kiti cha mtoto. Mzee wa Kikamba bila kigoda chake, alama ya uzee. Majirani walicheka, na mimi Amondi, niliyekuja kuolewa hapo na mdomo wangu wote wa Kijaluo, nilicheka kuwapita.

Mwaka wa 1994 macho yake yalipoanza kuingia ukungu, nilimwuliza sababu waziwazi. Aliimaliza chai yake, ndipo akasema. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa seremala kwenye uwanja wa jeshi pale Eastleigh, akitengeneza ndege za kufundishia marubani, zile zenye mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Mbao za Ulaya zikaadimika. Bawa moja likavunjika ubavu, kile kijiti cha ndani kinachoshikilia kitambaa, naye bila kumwambia Mzungu msimamizi wake akachonga mwingine kwa muhugu, mti mgumu wa kwao. Kesho yake ndege ile ikaruka na kijana mwanafunzi. Mchana king'ora kikalia, watu wakakimbilia mashambani wakisema ndege imeanguka. Ndolo akatupa patasi, akatoroka.

"Nilimuua," aliniambia. "Mbao yangu haibebi mtu."

Nilikasirika. Kuuliza si ujinga, na mtu huyu alikuwa amebeba maiti miaka hamsini bila kuuliza ni ya nani. Nilipotulia nikaelewa: siku zile, Mwafrika wa kwanza kuuliza ndiye angekuwa wa kwanza kufungwa. Basi nikaamua nitamwulizia mimi, kabla macho hayajazima kabisa.

Namba ya mkiani mwa ndege ile hakuwa ameisahau. Kila Jumamosi nikawa naenda uwanja wa ndege wa Wilson kuwasumbua mafundi, na wengi waliniona mwehu. Aliyenisikiliza ni Obonyo, fundi wa injini aliyekaribia kustaafu. Alisema ndege nyingi za aina ile ziliuzwa kwa walowezi vita vilipokwisha, na kwamba mabaki ya moja yako kwenye stoo ya chuo kimoja cha ufundi huko Industrial Area, mtaa wa viwanda. Akanionya nisimpe mzee matumaini mapema. Sikumsikia, nilimshika mzee mkono tukaenda wote watatu.

Ndege ilikuwa imelala chini ya vumbi, nyeupe. Obonyo alikwangua rangi mkiani polepole. Chini ya weupe wa mlowezi ikatokea manjano ya jeshi, na juu ya manjano, namba yetu. Nilitaka kupiga vigelegele.

"Huenda walibadilisha bawa," mzee akasema. Furaha yangu ikanywea.

Kitambaa cha bawa kilikuwa kimechanika. Akaingiza mkono, akapapasa ubavu mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayehesabu watoto wake gizani. Ghafla mkono ukasimama. Akaupitishia kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia.

"Huu ni wangu," alisema. "Haujapasuka."

"Mzee, ndege ya mbao ikianguka inabaki kuni," Obonyo alimwambia. "Hii haikuanguka siku hiyo. Ilianguka ingine."

Mzee alilia mbele yetu bila kujificha. Kisha akapangusa uso, akasema basi kuna kijana mwingine aliyekufa, na huyo pia alikuwa na mama. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akitembea mbele yangu, yeye asiyeona vizuri.

Wiki hiyohiyo alimtuma mume wangu soko la Gikomba kutafuta kipande cha muhugu. Alichonga kwa vidole zaidi ya macho, na mguu mmoja ukatoka mfupi kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kumtania. Aliponiwekea kigoda miguuni, niliuacha utani.

"Kaa, mama Mwelu," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu.

Nilikaa kwa uzito wangu wote, na mimi si mwembamba. Kigoda kikayumba, kikatulia. Mzee alikuwa ameinama, mkono wake umeshika ukingo wa kiti, tayari kunidaka. Baada ya kitambo akauondoa.