Kabla ya Kushika Kazi

Germano alikuwa hajapasua hata nazi moja ya kampuni pale alipopoteza mguu.

Yeye na mkewe Delfina walikuwa Wamakonde walioshuka kutoka uwanda wa juu wakikimbia ndege za vita za Wareno, wakapata hifadhi kwa jamaa katika kijiji cha Mute. Hapo ndipo Rajabo, nyapara wa kampuni yenye shamba la minazi karibu na Mocímboa da Praia, alipompata Germano. Alimuuliza kama anajua kukausha nazi ziwe mbata, wakaelewana kuhusu ujira na chumba cha kulala.

"Kuanzia leo wewe ni mtu wetu," Rajabo alimwambia. "Jumatatu nitapita na lori, nawe utapanda."

Jumatatu alipanda. Njiani gurudumu la nyuma lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, upande ule ule aliokaa Germano. Dereva na Rajabo, waliokuwa mbele, walitoka na michubuko. Germano alizindukia hospitalini mjini, mguu wa kushoto ukiwa umekatwa chini ya goti.

Meneja wa shamba, Senyor Henrique, alikataa kumtambua. Mtu ambaye hajaanza kazi si mfanyakazi, alisema. Huyo alidandia lori tu. Kwa kuwa hapakuwa na wa kulipia matibabu, Delfina aliambiwa hospitalini aanze kufikiria pa kumpeleka mumewe. Hilo lilimuumiza, lakini kulikuwa na jambo la kutisha zaidi. Siku zile, Mmakonde asiye na mwajiri, aliyeokotwa penye bomu, hakukawia kuitwa gaidi. Tayari askari mmoja alikuwa amekuja mara mbili kuuliza huyo mgonjwa ni mtu wa nani.

Delfina hakungoja aje mara ya tatu. Alikwenda ofisi ya serikali iliyoshughulikia mambo ya kazi, akakaa mlangoni mpaka akasikilizwa. Kesho yake ofisa alifika wodini, meneja na Rajabo wakiwa nyuma yake. Germano aliwatazama kutoka kitandani. Alijua Rajabo ana watoto wengi, na kibarua chake kimo mikononi mwa meneja.

Meneja alieleza yake kwa Kireno. Ofisa alimgeukia Rajabo, akamuuliza ni nani aliyempandisha mtu huyu.

Rajabo alivua kofia yake, akamtazama meneja kwanza. Germano alidhani mambo yamekwisha.

"Ni mimi, senyor," alisema. "Nilitumwa kutafuta watu, nikamwajiri kwa jina la kampuni. Alikubali. Nimeambiwa niseme alidandia, lakini hakudandia. Nilimwambia apande."

Ofisa alimuuliza meneja kama ni kweli alimtuma nyapara wake. Meneja alikiri kwamba alimtuma.

"Basi mkataba ulianza pale walipokubaliana," ofisa alisema. "Kama asingepanda lile lori, mngemwita mtoro. Mtamtibu, na akipona mtampa kazi anayoiweza."

Jioni ile askari aliporudi, muuguzi alimjibu kwamba mgonjwa ni mtu wa shamba la minazi. Askari aliondoka. Delfina alifunika uso kwa kanga akalia, na Germano akamwacha alie.

Alipopona alipewa kazi ya kushona magunia ya mbata, akiwa amekaa, na chumba kile kile alichoahidiwa. Rajabo aliondolewa unyapara, akawekwa kulinda ghala. Germano alimfuata huko kwa magongo, Delfina akiwa na kikapu cha mihogo. Germano alikuwa amepanga maneno mengi njiani, lakini alipofika yalimponyoka.

"Kaka Rajabo, bila wewe ningekuwa nimezikwa mimi," alisema. "Au nimefungwa. Sijui nikushukuruje."

Rajabo alitazama chini. "Mimi ndiye niliyekupandisha, ndugu yangu. Ningekukanaje?"

Alimvutia Germano gunia akalie, kisha akamwomba Delfina asiondoke kabla mke wake Rajabo hajapika. Mihogo ile waliila pamoja, kwa samaki wa kuchoma, na Germano aliona kwamba tangu waikimbie nyumba yao hajawahi kula akashiba namna ile.