Mwandiko wa Baba

Mcheza kwao huzomewa. Najua mlifundishwa kwamba hutuzwa. Hata mimi nilifundishwa hivyo, nikaandika insha nzima juu yake, nikapata tisa kwa kumi. Lakini insha ni insha. Mimi nimekwenda kwetu nikacheza.

Nilikuwa na likizo ya siku kumi. Mimi ni karani wa masjala, nashinda na mafaili, na bahari nilikuwa naijua kwa kusimuliwa. Rafiki yangu msusi, ambaye mtaani tunamwita Redio kwa kuwa hazimwi, ndiye aliyesema, "Si kwenu ni pwani? Twende tukaoge, tulale, tule, turudi na mashavu." Kwetu, maana yake alikozaliwa baba. Aliondoka huko akiwa kijana, akarudi mara moja tu, akafa miaka miwili iliyopita. Mama alikuwa ameshatangulia. Aliyebaki ni dada yake baba, shangazi yangu mmoja, dobi wa mashuka ya hoteli.

Nyumba yake iko hatua mia kutoka majini. Ua umejaa kamba. Ukitaka kwenda chooni unapiga chenga mashuka matano. Alinishika uso kwa viganja vilivyochubuliwa na sabuni, akanikagua.

"Pua ya kaka yangu hii. Umeiiba wapi?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Sikuwa na ndugu mwingine duniani, na nilitaka yule mwanamke anipende kuliko nilivyoitaka hiyo bahari.

Siku nne za kwanza zilikuwa raha tupu. Asubuhi tulioga, Redio akipiga yowe kila wimbi likimfika kiunoni. Mchana tulilala sakafuni, milango wazi, upepo ukitupitia. Alasiri tulimsaidia shangazi kukunja mashuka, wawili wawili, pembe kwa pembe.

"Kunja kama mtu mwenye mume," shangazi alimtania Redio.

"Ninaye, shangazi. Sema tu sijui alipo."

Siku ya tano shangazi alituonyesha barua. Alizihifadhi kabatini, katikati ya mashuka yaliyopigwa pasi, zisipate mkunjo. Zilikuwa thelathini na moja.

"Kaka yangu hakupenda simu," alisema. "Hata mimi sipendi. Simu haina mwandiko."

Akachomoa moja, akaisoma karibu bila kuitazama: "Dada, yaliyopita yamepita. Lala salama, sina kinyongo na wewe." Akatueleza kwamba babu alipofariki yeye ndiye aliyechelewa kumwita baba, na baba alipofika alikuta kaburi limeshafukiwa. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kabla ya barua ile, alisema, alikuwa anafumba macho tu, halali.

Nilitazama sakafu. Barua ile niliiandika mimi, nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Baba hakumjibu dada yake hata mara moja. Bahasha zilipofika hakuzifungua; alizikunja akazipachika chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Nilimwuliza kwa nini hamjibu dada yake. "Nina dada?" akaniuliza, akaendelea kula. Basi siku moja nikachomoa bahasha, nikasoma, nikaona mtu mzima anaomba kama mtoto. Nikaiga mwandiko wa baba kutoka kwenye ripoti zangu za shule, nikajibu. Nikajibu miaka kumi na minne, mpaka tulipomzika. Siri hiyo nilimwambia mtu mmoja, siku aliyokuwa ananisuka.

Na Redio, Mungu amsamehe kwa kuwa mimi bado, akadhani ananipamba.

"Shangazi, huyu mwanao ana kipaji," alisema. "Hizo zote kaandika yeye. Baba mtu hana hata habari." Nikamkanyaga mguu. "Unanikanyaga nini? Si nakusifu? Katoto ka miaka kumi na mitatu, shangazi, hebu fikiria."

Shangazi alicheka. Kisha akanitazama, akaona sicheki.

"Nani aliyenisamehe, basi?"

Nikavuta shuka, nikaanza kulikunja.

"Nakuuliza wewe, karani. Kaka yangu alinisamehe au hakunisamehe?"

Ningeweza kudanganya mara ya thelathini na mbili. Ulimi ukagoma.

"Barua zako hakuzifungua, shangazi."

Alizirudisha kabatini moja moja, taratibu, kama anayehesabu vyombo baada ya wageni kuondoka. Siku ile hakusema nami tena.

Asubuhi nilimkuta uani amekalia ndoo iliyopinduliwa, Redio pembeni yake. Walikuwa wameshapatana bila mimi.

"Yamekwisha," Redio alisema. "Omba radhi tu. Shangazi kasema ukiomba, wewe ni mwanawe kama jana."

"Umenifanya mjinga miaka kumi na minne," shangazi alisema. Macho yalikuwa mekundu. "Nimelala juu ya maneno ya mtoto. Sema umekosa, tunywe chai."

Lilikuwa jambo jepesi. Ofisini naandika barua za kuomba radhi tatu kabla ya saa nne, kwa makosa ya watu nisiowajua. Lakini yule aliyekaa juu ya ndoo alilala usingizi miaka kumi na minne kwa sababu mtoto mmoja alishindwa kuvumilia kilio chake, na sasa anataka mtoto huyo aseme afadhali angemwacha alie.

"Nilikuwa na umri gani, shangazi?" nikamwuliza. "Watu wazima mlikuwa wawili."

"Usinifundishe adabu nyumbani kwangu."

"Wewe nawe," Redio akadakia, "unamtupa ndugu wako wa pekee kwa neno moja?"

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Umeshasema ya kutosha."

Shangazi alinyoosha kiganja, kilichochubuka vilevile, kama anayempa mtu nafasi ya mwisho ya kukishika. "Neno moja, mwanangu."

"Siombi radhi," nikasema. "Leo siombi, na kesho usiningojee."