Shabu Iliyozidi

Mvua ziliponyesha mfululizo na mto kushuka na tope jekundu, mkemia wa kiwanda cha maji aliongeza shabu, ile dawa ya kutuliza tope, na maji yakatakata. Kila mtu akamsifu. Kisha mvua zikakatika, mto ukaanza kusafika, lakini maji ya bomba yakaanza kutoka na ukungu, kama yaliyosuuziwa kikombe cha maziwa. Akaongeza shabu. Ukungu ukazidi. Akaongeza tena.

Simu za wateja hazikukoma. Meneja akaitisha kikao, akamtaka mkemia aeleze.

"Hii si shabu," alisema mkemia mbele ya mafundi wote. "Kuna mtu anaichanganya na chokaa, halafu ile nzuri anaiuza nje."

Funguo za stoo zilikuwa kwa mtu mmoja tu, na hakuna asiyejua kwamba mtu huyo ni baba mdogo wa mkemia, aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi.

"Unanisema mimi, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Nasema ninachokiona kwenye maji."

Mzee aliweka funguo mezani, akavaa kofia yake, akatoka. Meneja akaagiza abaki nyumbani hadi uchunguzi uishe.

Mkemia alitaka ushahidi wa wizi. Aliingia maabara, akachota maji ya mto, akayagawa kwenye glasi kadhaa. Akatia shabu ya stoo: glasi ya kwanza kiduchu, zilizofuata akizidisha. Akakoroga, akavuta kiti akasubiri.

Kwenye glasi zenye shabu kidogo, tope liliganda mabonge, likazama, maji juu yakang'aa. Zile za mwisho, zenye shabu nyingi kama aliyokuwa akiitia kiwandani, zilibaki na ukungu vilevile.

Shabu ilikuwa nzima. Yeye ndiye aliyezidisha.

Uso ulimwaka moto ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama. Lililomchoma zaidi ni kwamba jambo hili alilijua vizuri. Chembe za udongo majini zina chaji hasi, na kwa kuwa zote ni hasi zinasukumana, hazishikani, zinaelea. Shabu ikiyeyuka hutoa ioni zenye chaji chanya. Ioni hizo huizunguka kila chembe na kuigandia, hadi msukumano unapoa na chembe zinashikana, zikazama kwa uzito wao. Lakini ukizidisha, ioni zinaigandia chembe mpaka yenyewe inageuka chanya. Chembe zinaanza kusukumana upya. Alikuwa amewaeleza hayo wanafunzi waliotembelea kiwanda, huku akitaniana nao. Angepima tena baada ya mvua kukatika na tope kupungua, yasingemfika. Kupima aliona uvivu. Kumshuku mtu ilikuwa rahisi.

Aliagiza shabu ipunguzwe, akaenda moja kwa moja kwa baba yake mdogo. Mama mdogo alikuwa uani akichuja maji ya bomba kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko ndani." Hakuinua macho.

Alimkuta mzee sebuleni, akapiga magoti. "Baba, nimekukosea. Shabu haina kasoro. Kosa ni langu. Nisamehe."

"Uliniita mwizi mbele ya watu," mzee alisema. "Sasa unaniomba radhi tukiwa wawili, na mlango umeurudishia?"

Kesho yake mkemia alimwomba meneja awaite watu walewale. Alisimama, akaweka mikono mgongoni. "Nilimsingizia baba yangu," alisema. "Hakuna aliyeiba. Mimi nilizidisha dawa kwa kutopima, nikamtupia yeye lawama." Fundi mmoja alikohoa. Mwingine alitazama viatu vyake. Meneja akampa onyo mbele ya wote, kisha akamrudishia mzee kazi yake.

Maji yalitakata, simu zikakoma. Lakini mkemia aliacha kwenda kwa baba yake mdogo, na kazini alikuwa akizunguka nyuma ya matangi asipite mbele ya stoo. Mwishowe mama mdogo akampigia.

"Mbona umetususa?"

"Kazi nyingi, mama."

"Kazi gani, na maji yameshatakata? Baba yako anakuulizia kila siku."

Jumapili alikwenda. Mzee ndiye aliyefungua mlango.

"Pita, chakula kinapoa," alisema, akamsogezea kiti.

Aliketi, akala akiitazama sahani yake tu. Hakuinuka hadi alipomaliza.