Kifua cha Evod

Kifua cha Evod kilijulikana Ifakara nzima, au angalau kuanzia stendi mpaka kwenye mashine za kukoboa mpunga, na kwa Evod mwenyewe hapo ndipo Ifakara ilipoishia.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mbeba magunia. Madereva wa malori wanaofuata mchele wakati wa msimu hawaulizi majina. Wanalitazama kundi la wabebaji lililokaa juu ya lundo la pumba, wananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule mwenye kifua. Mwenye kifua alikuwa yeye kila mara. Alikuwa amekijenga kwa miaka sita, jioni baada ya jioni, kwenye jimu ya uani kwa fundi gereji, ambako chuma ni bomba la maji lililotiwa makopo ya saruji huku na huku. Kabla ya hapo alikuwa kijana mwembamba ambaye hakuna dereva aliyemwona.

Basi mwezi wa tano, alipoteleza kwenye ubao wa kupandia lori akiwa na lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka likashonewa kilemba, na kitu kikamkwaruza ndani ya bega la kulia, hakumwambia mtu. Alisimama, akacheka na wenzake, akabeba lingine. Usiku ule hakuweza kulalia upande wa kulia. Wiki ya pili hakuweza kusukuma bomba pale benchini. Wiki ya tatu alijitazama kwenye kioo akaona, au alidhani ameona, kifua cha kulia kimelegea. Hapo ndipo akaogopa kwelikweli.

Alikwenda kwa mama Luciana, jirani yake, aliyefanya kazi ya mazoezi ya tiba hospitalini mpaka akastaafu, na sasa anafuga kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua shati. Inua mkono."

Mkono ulipanda mpaka usawa wa bega, ukagoma. Mama Luciana akambonyezabonyeza kwa vidole vyake vigumu huku Evod akiuma meno.

"Mama, kifua kitaisha?" Aliuliza kwa sauti ya mtu anayemuulizia mgonjwa wa kulazwa.

"Wewe unaumwa bega unanililia kifua! Hakiishi. Ukikipa kazi kidogo kila wiki, kinabaki. Benchi uache, na chochote cha kusukuma juu ya kichwa uache. Utalala chini sakafuni, viwiko karibu na mbavu, unasukuma uzito mdogo. Kiwiko kikigusa sakafu, basi, hapo ndipo mwisho. Unashusha polepole, unahesabu mpaka nne. Halafu unabana viganja hivi mbele ya kifua, kwa nguvu, mpaka utetemeke. Kinachouma usikifanye. Wiki nane. Umeelewa?"

"Nimeelewa mama."

Alielewa nusu. Lakini ile nusu aliyoielewa aliitii kama amri ya jeshi. Kila jioni alijilaza kwenye sakafu ya gereji na vikopo viwili vya saruji, vile vya kuanzia, akihesabu mpaka nne, vijana wakimruka na kumuuliza kama amelala salama. Alibana viganja hata akiwa kanisani, na katekista akamsifu kwa kusali kwa bidii. Kifua kikabaki palepale. Bega likazidi kuwa baya.

"Sijagusa benchi, mama," alilalamika baada ya mwezi. "Naapa!"

Mama Luciana alimtazama usoni, akaona hadanganyi, akarudi kwa kuku wake akiwaza.

Jibu alilipata Jumamosi, alipopeleka mpunga wake kukoboa. Wabebaji walikuwa kwenye foleni wakipanda ubao wa lori, wote magunia begani kulia, kwa sababu ndivyo wanavyobeba pale, ili wanaopanda na wanaoshuka wasigongane. Wa tatu kwenye foleni, akipiga mluzi, alikuwa Evod.

"Evod! Nilikuambia nini?"

Evod alitua gunia, akashangaa. "Lakini mama, hii siyo mazoezi. Hii ni kazi."

Na aliamini hivyo kwa moyo wote. Usimcheke. Pale mashineni hakuna anayehesabu gunia kuwa zoezi. Zoezi ni la jioni, lina kaptula yake; gunia ni ugali.

Mama Luciana alikaa juu ya mpunga wake akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha kicheko kikamwisha. "Mwanangu, unabeba kilo mia na kitu juu ya jeraha, siku nzima, halafu jioni unalibembeleza kwa vikopo. Kwa mwendo huo bega litakufa, na bega likifa hicho kifua utakisukumia nini?"

Kazi nyingine iliyokuwepo pale ilikuwa kushona midomo ya magunia. Walioshona walikuwa wanawake wawili na mzee mmoja. Na kiongozi wa wabebaji, Shilinde, Msukuma wa maneno machache, mwaka jana alimtoa kundini mtu aliyeumia mgongo bila hata kumpa pole. Evod aliogopa kurudi kuwa yule ambaye hakuna dereva anayemwona. Usiku kucha aligeukageuka upande wa kushoto.

Jumatatu asubuhi alikwenda akakaa katikati ya wale wanawake, akaomba sindano.

Dereva mmoja mgeni alipofika, akanyoosha kidole kama kawaida. "Wewe, wewe, na... he! Jitu lenye kifua hiki linashona magunia?"

Uwanja mzima ukacheka. Evod alihisi uso unawaka. Angeweza kusema chochote. Alikuwa hodari wa utani.

"Bega linaniuma," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mashine. "Lina miezi miwili. Siwezi kubeba."

Kicheko kikakatika. Shilinde alimtazama, akageuka kwenda lorini.

Jioni ile Evod alikuwa sakafuni kwenye jimu, peke yake, alipoona viatu vya Shilinde mlangoni. Ndiyo hivyo, alijiambia, nimefukuzwa. Aliinuka haraka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Shilinde aliingia, akasimama karibu na vikopo vya saruji. Kisha akajaribu kuinua mkono wake wa kulia. Ulipanda kidogo tu, haukufika hata usawa wa bega, akaushusha.

"Mwaka wa tatu huu," alisema. "Mke wangu ndiye ananivalisha shati."

Evod aliinama. Akavisogeza vile vikopo viwili katikati ya sakafu.

"Huwa unaanzaje?" Shilinde aliuliza.

"Unalala chini, kaka. Hapa."

Shilinde alitazama mlangoni kama kuna mtu anayeona. Kisha akalala.